Watatu Waliosema Neno Moja

Rabson Nzowa hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, na hilo ndilo lililomponza. Mjinga akijijua ni mjinga huuliza. Rabson alijijua mjanja, tena alikuwa na kipimo chake. Tangu ushirika ulegee na wanunuzi binafsi waanze kupanda hadi Hantonga na magari yao, hakuuza gunia la kahawa mpaka awasikilize wanunuzi watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Watatu wakitaja bei moja, anauza. "Watu watatu wasiojuana hawawezi kukosea kosa moja," alipenda kusema, na kijiji kizima kilimhesabu miongoni mwa wenye akili. Kwamba wanunuzi wale walilala nyumba moja ya wageni kule Mlowo na kupangiana bei wakinywa bia, hilo hakuna aliyemwambia. Nadhani hata angeambiwa asingesadiki.

Alikuwa na mke, Tabita, na binti mmoja tu, Marita, aliyekuja baada ya mimba nyingine kuharibika. Mama mzazi wa Rabson, Enesi, alikuwa mjane na aliishi kwenye kijumba cha uani. Marita alikuwa darasa la tatu alipoanguka mara ya kwanza. Alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja, akasimama ghafla, macho yakapinduka, akaenda chini na kahawa yake. Mwili ukamkakamaa, ukaanza kumtikisa, na mapovu yakamtoka mdomoni.

Vibarua waliokuwa pale walirudi nyuma wote kwa pamoja. Kwetu huko kila mtu anajua, au anadhani anajua, kwamba mapovu ya mwenye kifafa yakikugusa, kifafa kinahamia kwako. Mtoto akianguka, wanamwacha mpaka amalize mwenyewe. Akiangukia majani, ni bahati yake. Akiangukia mawe, watu wanatazama pembeni. Wao si makatili, ni waoga tu, ingawa aliye chini hawezi kuona tofauti ya katili na mwoga.

Aliyepita katikati yao siku ile alikuwa Enesi. Alipiga magoti, akamlaza Marita ubavu, akaweka kichwa chake kwenye mapaja yake, akayafuta mapovu kwa khanga yake mwenyewe. Tabita alimwita kwa hofu, "Mama, utashikwa." Enesi hakuinua hata macho. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha," alijibu. "Kikinitaka kinichukue." Tangu siku ile ikawa hivyo. Marita akianguka, watu wanapiga kelele za kumwita bibi, na bibi anakuja.

Rabson alimpenda mwanawe, hilo nisimdhulumu. Alimpeleka hospitali kwa bodaboda, yeye akamshika mtoto kwa nyuma njia nzima. Daktari pale alikuwa kijana aitwaye Asajile, mtulivu, mwenye mazoea ya kuuliza maswali yasiyotarajiwa. Badala ya kuuliza mtoto aliota nini, aliuliza nyumbani wanafuga nini. Akauliza nguruwe wanafungwa au wanazurura. Akauliza habari za choo.

Nguruwe walizurura, kama wa kila mtu. Choo kilikuwa cha mabua kisicho na mlango, na nguruwe waliingia na kutoka kama wenye nyumba.

"Na nyama yake, mkichinja wenyewe, mnakula hata ile yenye punje nyeupe?" Asajile aliuliza.

Rabson alizijua punje zile. Mchuuzi wa nguruwe anapokuja kununua, humlaza mnyama, humbana mdomo kwa fimbo, huuvuta ulimi nje na kuupapasa chini. Akikuta vipele kama punje za mchele, anakataa au anatoa bei ya kejeli. Sasa mwenye nguruwe afanyeje, atupe mali? Anachinja mwenyewe, watu wanakula. Rabson alikwisha kufanya hivyo zaidi ya mara moja, na nyama ilikuwa tamu.

Asajile alimweleza taratibu. Zile punje ni mnyoo mchanga. Anayekula nyama yake bila kuiva vizuri, mnyoo unakua tumboni mwake, naye haumwi kitu. Ila mayai yanatoka chooni, yanashika mikononi, majini, kwenye mboga. Mtoto akiyala mayai yale, yanaweza kupanda hadi kichwani na kutulia huko, na hapo ndipo anapoanza kuanguka.

"Kwa hiyo nyumbani mwenu huenda yupo mtu mwenye mnyoo," alimaliza. "Nitawapa dawa wote, tuanze na wewe."

"Na mimi? Unaniambia mimi ndiye niliyemroga mwanangu?"

"Sijasema kuroga, baba Marita. Hakuna aliyekusudia. Nasema ugonjwa unapita hivyo."

Rabson aliondoka na vidonge vya mtoto vya kuzuia kuanguka, ile dawa ya mnyoo akaikataa, na jibu la Asajile likamkaa kifuani. Akaamua kutumia kipimo chake. Akamwita Osea, bwana mifugo wa kata. Osea alimlaza nguruwe jike mmoja pale pale uani, akauvuta ulimi, akamwonyesha Rabson vile vipele, akasema yale yale ya Asajile. Kisha Rabson akampeleka mtoto Mbeya kwa daktari mkubwa. Yule naye, bila kuambiwa chochote, akauliza habari za nguruwe.

Watatu, neno moja. Kwa bei ya kahawa angekuwa ameshauza. Lakini safari hii neno lenyewe lilimnyooshea kidole yeye, na binadamu akinyooshewa kidole hupata kasoro kwenye kipimo chake hata kama amekitumia miaka. "Hawa wamesoma shule moja," alimwambia Tabita. "Wamekaririshwa kitu kimoja. Lazima waseme kitu kimoja."

Alirudi kwa Asajile akamwambia hivyo hivyo, kwa ukali. Asajile hakukasirika.

"Kusoma pamoja si hoja," alisema. "Walikuwepo waliobisha. Wasomi wenzetu, tena wengi, walisema hii ya nguruwe si kweli. Wakapasua nguruwe, wakapiga picha vichwa vya wagonjwa, wakachunguza vijiji vyenye nguruwe na visivyo nao. Walitaka kutuumbua. Walipomaliza, wakawa wanasema tunachosema. Ndiyo maana leo tunakubaliana."

"Na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nani ananichukia," alisema Rabson.

Akaenda kwa wanaouliza.

Wa kwanza alikuwa mganga wa Mbebe, kule juu Ileje, mzee mwenye sauti ndogo. Alitazama maji kwenye bakuli, akasema anayemchezea mtoto ni mwanamke mtu mzima, wa damu moja na Rabson, asiyelala mbali. Wa pili alikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Pale Rabson alisubiri kwenye foleni ndefu, na foleni ina mazungumzo. Mwanamume wa Chapwa aliyetangulia alitoka akieleza kwamba ameambiwa ni shangazi yake. Mama mmoja wa Chitete akatoka akilia, kaambiwa ni mama mkwe. Rabson alipoingia akaambiwa: mwanamke mtu mzima, wa damu yako, mnakula chungu kimoja.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini foleni nzima inatoka na jibu moja. Rabson alijiuliza pia, njiani, akiwa amekaa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori. Akapata jibu: kumbe wanawake wazee ni wabaya kila mahali.

Wa tatu alikuwa Masumbuko, lambalamba, wale waganga wanaoitwa na vijiji kuja kufichua wachawi nyumba kwa nyumba. Wakati huo alikuwa akifanya kazi kijiji cha jirani. Alimsikiliza Rabson akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Akampa unga wa mizizi wa kumwogeshea mtoto, na akaagiza vidonge vya hospitali vitupwe, kwa kuwa dawa mbili hazikai nyumba moja.

"Watatu," Rabson alimwambia mkewe usiku huo. "Mmoja Ileje, mmoja Zambia, mmoja ametoka bondeni Momba. Hawajuani. Hawajasoma shule moja."

Asubuhi, bila kumwambia neno la waganga, alimpa mama yake kopo la vidonge akalitupe chooni. Enesi alilipokea kwa mikono miwili, akasema sawa, mwanangu, akaenda nalo.

Hakulitupa. Alilificha kwenye pipa lake la maharage ya mbegu, na kila jioni, akimwita Marita aje amsaidie kuwasha moto, alimpa kidonge chake na maji. Vilipoisha, aliaga kwamba anakwenda kwenye ushirika wa akina mama kanisani, akashuka hadi hospitali na mfuko wake chini ya khanga, akarudi na vingine. Hakuwa msomi na hakujua minyoo wala nini. Alikuwa ameona tu kwa macho yake kwamba mtoto akimeza, haanguki, akikosa, anaanguka. Na kwa kuwa hakutaka kubishana na mwanawe, alinyamaza. Namlaumu kwa hilo, ingawa najua kubishana na Rabson kulikuwaje.

Marita hakuanguka tena. Kahawa ikachumwa, ikaanikwa, ikauzwa, mtoto yuko wima. Akarudi shule. Rabson akawa mhubiri: kilabuni, nje ya kanisa baada ya ibada, kwa kila aliyesimama kumsalimu. Dawa ya Masumbuko imefanya kazi. Hospitali walishindwa, Masumbuko ameweza. Watu walimwona mtoto kwa macho yao, nani angebisha? Kijiji kikachanga, Masumbuko akaalikwa Hantonga. Hivyo ndivyo vidonge vya bibi vilivyomletea mganga sifa, na sifa ile ikamleta mganga hadi mlangoni kwa bibi.

Osea alimfuata Rabson shambani siku chache kabla Masumbuko hajafika. "Kaka, wale watatu wako," alisema, "umewahi kusikia mmoja wao akimwambia mteja kwamba hana mchawi? Au akisema nilikosea, nimeangalia tena, siye?"

"Kwa nini aseme amekosea kama hakukosea?"

"Sisi huwa tunasema," alisema Osea. Rabson aliona hilo ni jambo la kuaibisha, mtaalamu kukiri kukosea, akacheka.

Masumbuko alikuja na vijana wake na ngoma. Watu walikusanywa uwanja wa shule. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na pale kwa Rabson hakuchelewa. Akasimama mbele ya kijumba cha Enesi, akachimba chini ya kizingiti, akatoa pembe iliyofungwa kitambaa chekundu. Kitambaa kilikuwa kikavu na safi, na ardhi ilikuwa ya masika, imelowa. Waliokuwa karibu waliliona hilo, hakuna aliyelisema.

Enesi akapelekwa uwanja wa shule, na ushahidi ukaanza kumiminika, kama ilivyo kawaida mtu akishaanguka. Jirani mmoja alimwona akishuka na mfuko chini ya khanga, na ushirika wa akina mama siku hiyo haukuwepo. Mwingine akauliza, mbona yeye hushika yale mapovu na hashikwi? Ugonjwa wa nani huo usiomdhuru yeye peke yake? Uwanja mzima ukaguna. Walimkalisha chini wakamnyoa nywele, mwanamke wa umri ule, mbele ya wajukuu wa kijiji. Rabson alisimama kando. Alitamani ardhi immeze, lakini hakusema basi.

Enesi alipomaliza kunyolewa alimtafuta mwanawe kwa macho. "Rabson," alisema, "mtoto nilikuwa nampa vidonge. Vya hospitali, si vingine. Viko kwenye pipa la maharage. Mniue, mnifukuze, mtakavyo, lakini mpeni kila jioni. Msiruke hata siku moja."

Tabita alimshika mumewe mkono. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku ile aliyatumia yote. "Baba Marita, mwache mama. Hata wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Kama ni mchawi kweli, mwache amlee, tutamwona."

Rabson alimtazama Masumbuko. Masumbuko alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayewasikitikia watoto. "Amekiri mwenyewe," alisema. "Alikuwa anamlisha mtoto vitu kwa siri."

Pipa likaletwa, maharage yakamwagwa, vidonge vikapatikana. Kopo lilikuwa lile lile la hospitali, na lebo yake, na jina la Marita kwa kalamu ya daktari. Rabson alilisoma jina lile. Kwa muda mfupi alijua. Najua alijua, kwa sababu alisoma tena, na hakuna asomaye mara mbili, kwa hofu, kitu asichokielewa. Lakini kama vidonge ndivyo vilivyomponya mtoto, basi watatu wake walikuwa si kitu, na mama yake alikuwa amenyolewa bure, na yeye ndiye aliyekuwa na mnyoo. Mambo yale yalikuwa mazito mno kuyapokea mbele ya kijiji kizima. Akaenda na lile kopo chooni, safari hii mwenyewe, akamwaga.

Enesi alipakiwa kwenye lori la mahindi liendalo Tunduma, akiwa na sanduku na mkeka, akakae kwa binti wa dada yake, Chapwa. Marita alilikimbilia lori mpaka kona ya shule.

Siku za mwanzo mtoto alikuwa salama, na Rabson alipumua. Halafu akaanguka njiani akienda kuchota maji. Akaanguka tena kesho yake, na keshokutwa mara mbili. Masumbuko hakuwepo, alikwisha kwenda kijiji kingine, na simu yake ilipopokelewa alisema mchawi aliyefukuzwa hupigana kwa mbali, wavumilie. Tabita alisema warudi hospitali. Rabson akasema wiki ijayo, kahawa ikishaingia kwenye magunia. Hakuwa na haya ya kumwona Asajile tu. Alikuwa pia na haya ya kupita uwanja wa shule na mtoto akielekea huko.

Ilikuwa mchana, jua kali, uani kumejaa watu wanaochambua kahawa. Tabita alikuwa ameshuka mtoni. Marita alikuwa jikoni, kwenye kibanda cha wazi, amechuchumaa mbele ya mafiga akikoroga uji, na Rabson alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni akinoa panga. Walikuwa wanaongea. Mtoto alikuwa anamwuliza bibi atarudi lini, naye alikuwa anatafuta jibu, alipoona kwamba mwiko umesimama.

Marita alienda mbele, juu ya moto.

Rabson aliruka kutoka kwenye kigoda. Hilo alilifanya. Akafika, akainama, mikono yake imeshanyooka, na hapo akayaona mapovu, meupe, yakimtoka mtoto mdomoni na kuchirizika shavuni, na mikono yake ikasimama. Hakuiambia isimame. Wanaume wazima waliokuja mbio nyuma yake nao walisimama. Mmoja akalia, mwiteni bibi, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka. Mwingine akasema leteni mti, leteni kitu cha kumvutia. Mtu akakimbilia jembe. Walimvuta kwa mpini wa jembe, umepenyezwa chini ya mkanda wa gauni, na kumvuta mtoto anayetikisika kwa mpini wa jembe si kazi ya haraka.

Asajile alimpokea, akafanya alichoweza. Hakumwuliza Rabson habari za vidonge. Alimwambia tu Tabita akae karibu na mtoto, azungumze naye, kwa kuwa huenda anasikia, na Tabita alizungumza naye siku zote zile hadi alipokuwa hana wa kuzungumza naye.

Baada ya kuzika, Rabson alikwenda Chapwa mwenyewe. Ndugu walitaka kumpigia Enesi simu, akakataa; mengine yote aliwaachia, hilo peke yake akalikataa. Alimkuta mama yake kwenye baraza, amekaa mkekani, anapepeta maharage ya mpwa wake. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe zote. Enesi alimpa kigoda, akamsalimu, akamwuliza mvua za kwao, na katikati ya majibu yake akajua. Alilia kwa muda mrefu bila sauti, ungo ukiwa bado mapajani. Rabson alimwambia yote aliyoweza kuyasema: kuanguka, moto, hospitali, mahali walipomzika.

"Nani alikuwepo?" Enesi aliuliza.

"Watu walikuwepo wengi, mama."

"Aliyekuwa karibu naye."

"Mimi."

"Karibu namna gani?"

Uongo ulikuwepo, ungeweza kusemwa, na hakuna mtu Chapwa ambaye angeukanusha. Rabson aliangalia miguu yake. "Nilipoinama," alisema, "ilikuwa kama hivi tulivyokaa mimi na wewe."

Enesi aliuweka ungo kando. Akanyoosha mkono, bila kuinuka, bila hata kujisogeza kwenye mkeka, na vidole vyake vikafika kwenye goti la mwanawe, vikakaa pale.